Pazi na Mkwewe katika Nchi ya Reli Zisizokutana

Pazi hakuwahi kuona reli mpaka mkewe alipomtuma kumleta mkwe. Kijijini kwao Kinyangani kulikuwa na njia za miguu tu, na njia ya miguu haimuulizi mtu hatua yake ina upana gani. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba nchi ya Mshikamano huvukwa kwa treni, mpaka hadi mpaka, alifurahi kama afurahivyo mtu aliyepewa nusu ya habari.

Sababu ya safari ilikuwa moja. Mwasiti, mkewe, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeishia kwenye vijikaburi viwili nyuma ya ua. Hii ya tatu ilipokaribia kutimia, alimwita mumewe akamwambia kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ilimtisha Pazi kuliko ukelele.

"Mara hii nataka mama awe chumbani. Mwezi ukiandama nitakuwa mkekani. Ukirudi bila yeye, usibishe hodi."

Mama mwenyewe, Bi Mwamvita, alikuwa akikaa kwa mwanawe wa kiume ng'ambo ya Mshikamano. Alikuwa mkunga tangu ujana wake. Mwaka uliopita aliteleza kisimani akavunjika nyonga, tangu hapo miguu ikastaafu, kazi zote zikaachiwa mikono na ulimi. Mikono ilikuwa mizima. Ulimi ndio kwanza ulikuwa umenolewa.

Kwenda, Pazi alikata milima kwa miguu. Kurudi, na mtu asiyeweza kusimama, ilibidi iwe reli. Na hapo palikuwa na tatizo jingine, la nyumbani kabisa: Kinyangani mwanamume hamgusi mkwewe. Akikutana naye njiani hujitupa pembeni mpaka miiba imsalimie. Hali naye sahani moja. Hapokei kitu mkononi mwake. Kiwekwe kwanza chini, kipumzike, ndipo akiokote. Ukiwauliza wazee wa Kinyangani kwa nini, wanakujibu, "Tulikuta," kisha wanatema mate pembeni. Maana yake mjadala umefungwa na ufunguo umemezwa.

Basi Bi Mwamvita alilazwa kwenye machela, wachukuzi wawili wakabeba, na Pazi akafuata nyuma kwa umbali wa heshima, amekumbatia kikapu cha ukunga cha mkwewe kilichokuwa kimewekwa chini kwanza, kikapumzika.

Treni ya kwanza ilikuwa ya mji wa Ngomeni, nayo ilikuwa pana kupita adabu. Abiria wa upande huu walilazimika kupaza sauti ili kuwasalimu wa upande ule, na salamu zikichelewa kufika, watu walinuniana.

"Mkwe," Bi Mwamvita alisema akitazama dari, "hii si treni. Hii ni ukumbi wa harusi uliotoroka."

"Ndiyo, mama," Pazi alijibu akitazama dirisha, maana uso wa mkwe nao hautazamwi.

Hawakwenda mbali sana. Treni ilisimama katikati ya uwanda mtupu, watu wote wakaanza kushuka bila kuambiwa, kwa uchovu wa watu walioshuka hapo tangu wazaliwe. Pazi naye akashuka. Mbele ya kichwa cha treni reli zilikuwa zimekatika. Hatua chache kutoka pale zilianza reli nyingine, nyembamba, zimekaribiana kama ndugu wanaonong'onezana. Katikati palikuwa na udongo mwekundu uliofagiliwa vizuri na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Pakiitwa Pengo. Palikuwa na afisa wake, Mlinzi wa Pengo, mwenye kofia ya manyoya na fimbo ya kupimia.

Pazi alimwamkia, kisha akauliza kwa nini reli hazikuunganishwa.

"Ulinzi," alisema Mlinzi. "Hao jirani zetu wa mji wa Hatua wakitaka kutuvamia kwa treni, treni yao itafika hapa idondoke kama jino bovu."

"Wamewahi kuja?"

"Hawajawahi hata siku moja. Umeona linavyofanya kazi?"

Pazi alilitazama Pengo kwa heshima mpya. Bi Mwamvita, kutoka kwenye machela, ndiye aliyekohoa.

"Baba," alimwambia Mlinzi, "sisi tumefika hapa tumeshuka, sasa tunavuka kwa miguu. Hao maadui hawana miguu?"

Mlinzi alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama karibu na machela.

"Mama yangu, nakuomba," alinong'ona. "Usiliseme hilo kwa sauti."

"Kwani hamjawahi kulifikiria?"

"Mimi nimepewa fimbo na kofia. Pengo nililikuta."

Wakavuka. Kuvuka kwenyewe kulikula siku nzima, kwa sababu mizigo yote ilishushwa, ikapimwa, ikasifiwa, ikapandishwa upya, na wachukuzi wa Ngomeni hawakuruhusiwa kukanyaga zaidi ya nusu ya Pengo. Pale katikati waliwapokeza wenzao wa Hatua machela juu kwa juu. Kila upande ulisema ule mwingine ndio uliyumba, na Bi Mwamvita akasema aliyeyumba ni yeye, wengine walikuwa wanashangaa tu. Mguu wa machela ulipoinama, Pazi alinyoosha mikono bila kufikiri, kisha akairudisha haraka na kuificha nyuma, kama aliyetaka kuiba.

Treni ya Hatua ilikuwa nyembamba hivi kwamba abiria walikaa upandeupande, magoti ya mmoja kwenye mbavu za mwingine, na ilipopinda kona abiria wote walielekea upande wa pili kuizuia isilale. Waliinuka bila neno, wakaegemea, wakarudi. Wengine hawakufumbua macho. Bi Mwamvita machela yake ilipitishwa dirishani, kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwa wa shari: ukiingia wewe, begi lako linabaki.

Aliyewapa habari za mji huu ni Katibu wa Hatua mwenyewe, bwana mmoja mpole aliyekuwa amebanwa baina ya Pazi na ukuta.

"Upana huu ni hatua ya marehemu mfalme wetu," alisema. "Reli ilipoletwa, aliamuru ilazwe kwa upana wa hatua yake, ili kila asafiriye awe anatembea na mfalme. Akatembea mbele ya mafundi, wakapima."

"Alikuwa mfupi?" Pazi aliuliza.

"Alikuwa mrefu kama mnazi." Katibu alishusha pumzi. "Siku ile alikuwa na funza kwenye kidole gumba cha mguu."

"Hakuna aliyemwambia asubiri?"

"Nani amwambie? Mfalme ana funza? Mafundi walipima walichokiona. Reli ikalazwa. Mwanawe alipotawala alijua, mjukuu alijua, mimi najua, na sasa wewe unajua. Lakini kuipanua ni kutangaza kwamba babu alikuwa na funza. Mara tatu baraza limekaa juu ya jambo hilo. Mara tatu tumeafikiana kwamba hatua fupi ni hatua ya busara."

Walipofika stesheni ya Hatua, Pazi aliuona mji mzima ukichechemea. Wauza matunda walichechemea, askari walichechemea kwa safu, bibi harusi mmoja alipita akichechemea kwa madaha, bwana harusi nyuma yake akijitahidi. Wageni walielezwa kwamba kutembea sawasawa ndani ya stesheni ni utovu wa heshima kwa marehemu. Pazi akachechemea. Mgongo ulikuwa umeshaanza kumuuma kwa kukaa upande, na alishangaa kuona kwamba kuchechemea kulikuja kwenyewe.

Bi Mwamvita alicheka mpaka wachukuzi wakasimama.

"Mkwe! Kumbe nchi yangu ni hii! Hapa mimi ndiye mzima, nyote ndio wagonjwa."

Katibu, ambaye hakusikia vizuri, alimuuliza Pazi huyu mama ana nini. Alipoambiwa hawezi kutembea kabisa, alivua kofia.

"Mzalendo wa kiwango hicho," alisema, "sijapata kumwona."

Lakini nchi ya wazalendo ilikuwa imewameza. Baada ya stesheni kona moja ililaza treni, wakangoja iinuliwe. Ilipoinuliwa ikalala ubavu wa pili. Asubuhi moja ya kungoja huko, mwezi uliosalia angani ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa. Bi Mwamvita aliutazama, mzaha ukamtoka.

"Mimba zile mbili ziliwahi kabla ya siku zake, sivyo?"

"Ziliwahi, mama. Zote."

"Na hii itawahi. Wale watoto, nani aliwaosha?"

"Mimi. Wanawake walikuwa wanamshughulikia Mwasiti."

"Ukawazika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi una mikono," alisema Bi Mwamvita.

Mji wa mwisho ulikuwa Usafini. Ukishavuka Usafini, Kinyangani ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Pengo la Usafini halikuwa na mawe ya chokaa. Lilikuwa na bustani ya maua, na bango lililoandikwa: HAPA HAUPITI MZIGO.

Habari yake, kama Pazi alivyoelezwa na mkuu wa stesheni aliyevaa glavu nyeupe, ilikuwa hivi. Reli ilipokaribia kufika mjini, wenye nyumba za roshani waliona mbali. Walisema treni za abiria sawa, lakini zikija hizo, kesho zitafuata za mkaa, keshokutwa za mbuzi na papa mkavu, zipite chini ya roshani wakati watu wanakunywa chai. Basi wakachagua upana ambao haujaundiwa treni ya mizigo popote duniani. Mzigo haukuingia tena. Mji ukawa safi, ukanukia maua, na baada ya muda ukaanza kuona njaa.

"Sasa mnakula nini?" Pazi aliuliza.

"Tunakula vizuri tu," alisema mkuu wa stesheni, akatazama pembeni.

Pazi naye akatazama huko. Abiria walikuwa wanapanda. Mwanamke mmoja aliyenona ghafla kifuani alipita akidondosha vumbi la unga. Mzee mmoja alitembea kwa vishindo, suruali imejaa mkaa mpaka vifundoni. Nyuma yake alipanda mbuzi. Alikuwa amevaa koti na tarabushi, ana tiketi mdomoni, na mkuu wa stesheni aliikata tiketi ile bila kubadilisha uso, akamtakia safari njema. Mbuzi akaila iliyobaki.

Wachukuzi walipoiinua machela kutaka kuipandisha, glavu nyeupe ilipanda juu.

"Simama. Hicho ni nini?"

"Ni mama mkwe wangu," alisema Pazi.

"Sikuuliza ni nani. Nauliza ni nini. Abiria hupanda kwa miguu yake. Kinachobebwa na wachukuzi ni mzigo. Mzigo haupiti."

"Mbuzi amepita!"

"Kwa miguu yake. Minne."

Bi Mwamvita aliinua kichwa. "Mwanangu mwenye glavu, mimi nimewapokea watoto wa vijiji vitatu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ni mzigo, na wengine walizaliwa na meno."

Mkuu wa stesheni hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo zito kama hili ni la baraza, na baraza, kwa bahati, lilikuwa pale pale kwenye chumba cha kungojea, likingojea jambo. Wakatoka wajumbe watatu na viti vyao, wakaketi mbele ya machela. Treni ilikuwa inapumua jukwaani. Ilikuwa ya mwisho mpaka wiki ijayo, kwa kuwa baada yake reli hufungwa ili ioshwe kwa sabuni.

Mjumbe wa kwanza alisema mwenye kusema si mzigo, maana mzigo hausemi. Mjumbe wa pili alijibu kwamba kasuku husema, na kasuku huja kwenye kizimba. Wa kwanza akauliza kama mama huyu yuko kwenye kizimba. Wa pili akasema machela ni kizimba kilicholala. Mwenyekiti akaomba ushahidi wa uzito. Bi Mwamvita akasema atakayethubutu kumpima atapokea kofi la mkunga, lile linalomliza mtoto aliyekataa kulia. Likaandikwa kwamba mzigo umetishia baraza. Kisha likafutwa, kwa sababu mzigo hautishi, na kama umetisha basi si mzigo, na wakarudi mwanzo.

Pazi alisimama amechoka. Hakuwa na hasira. Hasira alikuwa ameiacha Hatua, chini ya treni iliyolala. Alijiona akizeeka hapo hapo, anaota mvi, anapewa kofia na fimbo.

Hatimaye mwenyekiti aligonga meza ambayo haikuwepo, akagonga goti lake.

"Imeamuliwa. Mtoto aliye mgongoni mwa mamaye si mzigo. Hana tiketi, hana hesabu. Kwa kipimo hicho, mama huyu akipandishwa na wachukuzi ni mzigo, na akipandishwa mgongoni mwa ndugu yake ni sehemu ya ndugu huyo. Nani ndugu yake hapa?"

Watu wote wakamtazama Pazi. Pazi akatazama udongo.

Bi Mwamvita alijua maana yake, akamsaidia.

"Nenda, mkwe," alisema. "Mwambie mwanangu nilifika mpaka hapa. Mwambie sikukataa kuja."

"Alisema nisibishe hodi."

"Utabisha. Atalia, atafungua."

"Mama, yule hatafungua." Sauti ya Pazi ilikwaruza. "Na akifungua, mimi nitamwambia nini? Kwamba palikuwa na bustani?"

Kengele ya treni ikalia. Bi Mwamvita alimtazama usoni, jambo lisilofanywa, na akamwita kwa jina, jambo lisilofanywa pia.

"Pazi. Kwa nini mwanamume hamgusi mkwewe?"

"Sijui, mama. Tuliku..."

Neno alilikata katikati. Alilisikia likitoka na kofia ya manyoya kichwani na fimbo ya kupimia mkononi. Alimtazama mkwewe. Mkwewe alikuwa ameshaanza kucheka kwa mabega, bila sauti, na machozi yanamtoka.

"Malizia," alisema. "Malizia, nisikie."

Pazi hakumalizia. Aligeuka, akachuchumaa mbele ya machela, akatoa mgongo. Alipoguswa mabegani alishtuka kama aliyeunguzwa. Dunia haikupasuka. Mikono ilikuwa miepesi, mikavu, inanukia karafuu. Wachukuzi walimfunga mkwewe mgongoni kwa kanga mbili, na kikapu ndani yake, Pazi akainuka kwa kuguna.

"Tazama mbele," Bi Mwamvita alimwambia sikioni. "Na ukinidondosha, namwambia mwanangu akuache."

Mlangoni glavu nyeupe ilipanda tena.

"Huyo ni nani wako?"

"Mama yangu," alisema Pazi.

"Mtoto wa mgongoni, bure. Pita."

Walikaa karibu na mbuzi. Mbuzi aliwapisha.

Mwisho wa reli Pazi alishuka bila kuuliza kwa nini reli imeishia hapo. Mwezi mpya ulikuwa umeandama jana yake. Alitembea na mkwewe mgongoni, akipumzika kila penye jiwe, na njia nzima wakasemezana mambo ya hovyo: namna ya kupika kisamvu, nani alioa vibaya. Walipoingia Kinyangani, wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi juu hewani. Mtu alipiga kelele, "Jamani, Pazi amembeba mkwewe!" na kelele ile ilifika nyumbani kabla yao. Kilichokuwa kimefika nyumbani kabla ya kelele kilikuwa uchungu. Mwasiti alikuwa mkekani tangu alfajiri.

Pazi hakubisha hodi. Hakuwa na mkono wa kubishia. Aliusukuma mlango kwa goti, akamweka Bi Mwamvita chini kando ya mkeka, akakiweka kikapu, akamwona mkewe akimtazama mama yake, kisha akimtazama yeye, kisha mgongo wake, mdomo wazi. Wanawake wakamtoa nje.

Nje, wazee walikuwa wameshaketi kwenye mabenchi mbele ya nyumba. Hawakuwa na glavu. Mzee Mwinyikondo, mkubwa wao, alimwambia akae mbele yao.

"Kati ya mkwe na mkwe pana nafasi," alisema. "Wewe umeifuta. Sasa tunataka kujua faini yake. Wengine wanasema mbuzi mmoja, wengine wanasema ni lazima kwanza tuamue: ulimbeba kama mtu, au ulimbeba kama mzigo?"

Pazi alifumba macho. Alisikia treni zote zikipumua.

"Mzee wangu," alisema, "nafasi hiyo iliwekwa kwa sababu gani?"

Mzee Mwinyikondo alitazama kulia, akatazama kushoto. Akafumbua kinywa. Kabla hajasema, kofi moja dogo, kavu, lilisikika kutoka ndani, na nyuma yake kilio cha mtoto, kikali, kilichokasirika, kisichotaka kwisha.

Kilio kikaendelea. Pazi alikisikiliza, akingoja kikatike kama vile viwili vya mwanzo, na hakikukatika. Ndani mlikuwa na vigelegele, maji, minong'ono, kisha sauti aliyoizoea, isiyojali nani amekaa nje.

"Pazi! Wewe Pazi! Njoo unibebe, nimtoe huyu bwana akaone jua. Na uje sasa hivi, maana yeye si wa kungoja!"

Wazee wote wakatazama miguu yao. Mmoja alitaka kutema mate, akayameza.

Mgongo wa Pazi ulikuwa umekufa tangu Usafini. Alishika magoti, akaguna, akainuka, akaingia ndani.